Mapafu Yasiyo na Akiba: Maambukizi ya Bakteria kwa Mzee Mwenye Ugonjwa Sugu wa Njia za Hewa

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao wauguzi na madaktari huutaja kwa kifupi cha COPD, ni hali ambayo mirija ya mapafu imekuwa myembamba kwa sababu ya uvimbe na makovu, na vifuko vidogo vinavyopitisha oksijeni kwenda kwenye damu vimechakaa, hata hewa ikawa inaingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Mzee aliyeishi na hali hiyo kwa miaka mingi huizoea pole pole: huacha kupanda kilima alichokuwa akikipanda, hupumzika mara mbili tatu akienda msikitini au kanisani, hukatiza maneno anapotembea, na jamaa zake hudhani kuwa ni uzee tu unaomwelemea. Bakteria wanapostawi katika kifua cha namna hiyo, ndipo inapodhihirika kwamba mapafu yake hayakuwa na akiba yoyote ya kukabiliana na pigo jipya. Kwa sababu hiyo antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria, ingawa mara nyingi ni ya lazima, huwa ni sehemu moja tu ya tiba, na si mara zote sehemu inayoamua kama mgonjwa atavuka. Kinachoamua zaidi ni jinsi hewa yake inavyoangaliwa saa kwa saa, oksijeni inavyotolewa kwa kipimo, na jinsi walio karibu naye wanavyotambua mapema kwamba hali yake ya leo si ile ya juzi.

Katika nchi za viwanda ugonjwa huu umehusishwa zaidi na sigara, lakini Afrika Mashariki moshi wa kuni na mkaa una sehemu kubwa katika habari yake. Utafiti uliofanywa wilayani Masindi, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2015, uliwapima watu 588 wenye umri unaozidi miaka 30 na kukuta kwamba asilimia 16.2 kati yao walikuwa na ugonjwa huu, ilhali asilimia 93 ya wote waliopimwa walikuwa wakivuta moshi wa kuni na mabaki ya mimea. Kwa hiyo bibi ambaye hajawahi kushika sigara, lakini amepika kwa mafiga katika jiko lisilo na dirisha tangu utotoni, anastahili kuulizwa maswali yale yale anayoulizwa mvutaji. Uthibitisho hupatikana kwa spairometa, kifaa ambacho mgonjwa hukipulizia kwa nguvu zake zote baada ya kuvuta dawa ya kufungua njia za hewa: ikiwa hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza ni chini ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuitoa kwa mpulizo huo mmoja, njia zake zimeziba. Kifaa hicho hakipatikani katika zahanati nyingi, na ndiyo maana wagonjwa wengi hutibiwa kwa miaka kama wenye pumu, au hupewa dawa za kifua kikuu bila bakteria wa kifua kikuu kuonekana.

Ukuta wa ndani wa mirija yenye afya una vinyweleo vidogo sana ambavyo, kama mafagio yasiyopumzika, husukuma ute juu kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. Moshi wa miaka mingi huviua vinyweleo hivyo na wakati huo huo huzidisha tezi zinazotoa ute, hivyo uchafu huongezeka pale pale ambapo uwezo wa kuuondoa umepungua. Bakteria kama Haemophilus influenzae, Streptococcus pneumoniae na Moraxella catarrhalis hupata makazi humo, tena huweza kukaa kwa miezi bila kuleta fujo kubwa, mpaka aina mpya inapoingia au kirusi cha mafua kinapovuruga hali na kuwapa nafasi ya kuzaliana. Katika mapafu yaliyoharibika sana, hasa ya mtu aliyelazwa mara kwa mara au aliyetumia antibiotiki nyingi, huongezeka Pseudomonas aeruginosa, bakteria ambaye dawa za kawaida hazimgusi.

Kipindi ambacho kukosa pumzi, kikohozi na makohozi huzidi kupita kiasi alichokizoea mgonjwa huitwa kipindi cha kuzidiwa, na si kila kipindi cha namna hiyo huletwa na bakteria. Virusi husababisha sehemu kubwa, na hewa chafu huchangia. Swali la nani apewe antibiotiki lilijibiwa kwa sehemu mwaka 1987, pale Nicholas Anthonisen na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walipochapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 173, ambao katika vipindi vyao vya kuzidiwa baadhi walipewa antibiotiki na wengine vidonge visivyo na dawa. Waliangalia dalili tatu: kukosa pumzi kuliko kawaida, makohozi kuongezeka wingi, na makohozi kugeuka kuwa ya usaha. Faida ya antibiotiki ilionekana zaidi kwa waliokuwa na dalili zote tatu, na ikawa ndogo au haikuonekana kabisa kwa waliokuwa na moja tu. Zaidi ya miongo mitatu baadaye madaktari bado wanaitumia hesabu hiyo, ingawa leo rangi ya makohozi inapewa uzito zaidi.

Makohozi yanastahili kutazamwa kwa makini, maana ni kipimo kisichohitaji umeme wala fedha. Yakiwa meupe au ya kung'aa kama ute wa yai, uwezekano wa bakteria wengi ni mdogo. Yakigeuka manjano iliyokolea na kisha kijani, rangi hiyo hutokana na kimeng'enya chenye madini ya chuma kinachobebwa na chembe nyeupe za damu, ambazo zimemiminika kwenye mirija kupambana na maambukizi. Kinachotafutwa ni badiliko, kwa kuwa wapo wazee ambao makohozi yao ya kila asubuhi ni ya manjano hata wakiwa katika hali yao nzuri, na kwao rangi hiyo peke yake haina habari mpya. Inafaa mgonjwa ateme katika kikopo cheupe au karatasi laini, mchana, mahali penye mwanga, na anayemuuguza akumbuke rangi ya wiki iliyopita. Damu katika makohozi ni jambo jingine kabisa, na haifai kusubiriwa nyumbani.

Maambukizi yanayobaki kwenye mirija hutofautiana na nimonia, ambayo watu wengi huiita kichomi, ambamo vifuko vyenyewe vya hewa hujaa usaha na majimaji. Tofauti hiyo huonekana kwa picha ya eksirei na ina uzito, kwa kuwa nimonia huua zaidi, huhitaji dawa nyingine na ufuatiliaji mrefu. Kwa mzee, hata hivyo, nimonia mara nyingi haiji na homa kali wala maumivu ya ubavu yanayosimuliwa vitabuni. Huja na kuchanganyikiwa kulikoanza jana, kuanguka bila kujikwaa, kukataa uji, au kulala mchana kutwa. Na mtu wa kwanza kuyaona hayo ni mke, binti au mjukuu anayemjua, ambaye maneno yake, kwa mfano kwamba babu leo hakunitambua, yanapaswa kuchukuliwa na mhudumu wa afya kwa uzito ule ule wa kipimo cha joto.

Mahali pasipo na maabara, ukali wa nimonia hukadiriwa kwa mambo manne: kuchanganyikiwa kulikoanza karibuni, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, shinikizo la damu lililoshuka chini ya 90 kwa namba ya juu au kufikia 60 na chini kwa namba ya chini, na umri wa miaka 65 au zaidi. Kila jambo hupewa alama moja. Mzee ana alama moja tangu anapoingia mlangoni, hivyo dalili nyingine moja tu inatosha kumfanya astahili kutazamwa hospitalini, na alama tatu au nne huashiria hatari kubwa inayodai alazwe mara moja. Kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, saa mkononi na jicho kwenye kifua cha mgonjwa bila kumwambia kwamba anahesabiwa, ni kazi inayorukwa mara nyingi kuliko inavyofanywa, na kwa mgonjwa huyu hakuna namba inayosema mengi zaidi.

Magonjwa mengine hujificha nyuma ya sura hiyo hiyo: moyo ulioshindwa kusukuma damu, donge la damu lililokwama mapafuni, au hewa iliyovuja nje ya pafu na kulibana. Katika Afrika Mashariki kuna jingine ambalo halipaswi kusahauliwa kamwe, nalo ni kifua kikuu, ambacho humpata mzee kama kinavyompata kijana, na ambacho kikipona huacha makovu yanayoweza kuziba njia za hewa kwa njia yake yenyewe. Mgonjwa aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayekonda au kutoka jasho usiku, apimwe makohozi kwa mashine ya kutambua vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwaka 2010. Dawa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini, ambazo huuzwa madukani kwa wepesi mno, huwadhoofisha bakteria hao kwa muda. Mgonjwa hupata nafuu ya wiki chache, kipimo huweza kutoka safi, na ugonjwa huendelea kuenea nyumbani.

Kwa mgonjwa asiye katika hatari kubwa, anayeweza kumeza na asiye na dalili za nimonia, antibiotiki za kuanzia ni za kawaida na za bei nafuu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja amoksilini miligramu 500 mara tatu kwa siku, au doksisaiklini miligramu 200 siku ya kwanza na 100 kila siku inayofuata, au klarithromaisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, kila moja kwa siku tano. Kwa watu waliozoea kuambiwa kwamba dozi ndefu ndiyo dozi kamili, siku tano huonekana chache, lakini ushahidi umeonyesha kwamba kurefusha hakuongezi uponyaji, bali huongeza kuhara, fangasi wa mdomoni na bakteria sugu. Amoksilini ina udhaifu wake: takriban Moraxella wote, na sehemu ya Haemophilus, hutoa kimeng'enya kinachoivunja, na ndiyo sababu daktari huweza kuchagua amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani mgonjwa asiposikia nafuu baada ya siku mbili au tatu. Nimonia kali huanzwa hospitalini kwa sindano, mara nyingi seftriaksoni pamoja na dawa ya kundi la azithromaisini. Kununua vidonge vichache dukani, kumeza mpaka homa ishuke na kuweka vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mara nyingine ni desturi iliyoenea, nayo humdhuru mzee mara mbili, leo na siku atakapozihitaji dawa hizo zikiwa hazifanyi kazi.

Mwili wa mzee huzipokea dawa kwa namna nyingine. Figo zake huchuja polepole, na karibu kila mara kuna dawa nyingine mezani: ya shinikizo la damu, ya kisukari, ya moyo, ya kulainisha damu. Aminofilini, dawa ya kifua ya zamani ambayo bado hutolewa sana, hupanda hadi kiwango cha sumu ikikutana na klarithromaisini au siprofloksasini, na huleta kutapika, mapigo ya moyo kwenda mbio, hata kifafa. Dawa za kundi la siprofloksasini huweza kukata kano za kisigino, hatari inayokuwa kubwa zaidi kwa mwenye miaka zaidi ya 60 anayetumia steroidi. Njia rahisi ya kuepuka mengi ya hayo ni jamaa kuzitia dawa zote za mgonjwa katika mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba, na kuzimwaga mbele ya daktari.

Oksijeni ndipo penye makosa mengi zaidi, na makosa hayo hufanywa kwa nia njema. Mtu anayetweta, midomo ikiwa ya bluu, humfanya kila aliye karibu atamani kuifungua mitungi hadi mwisho. Lakini kwa wengi wenye ugonjwa huu oksijeni nyingi hupandisha kabonidioksaidi katika damu, gesi ambayo mwili ulitakiwa kuitoa nje. Mapafu yaliyochakaa hujiokoa kwa kubana mishipa ya damu katika sehemu zisizopata hewa, ili damu ielekee kwenye sehemu nzuri. Oksijeni nyingi huifungua mishipa hiyo tena, na damu hupita mahali ambapo haiwezi kuiacha kabonidioksaidi yake. Zaidi ya hapo, chembe nyekundu zilizojaa oksijeni hupunguza uwezo wa kubeba gesi hiyo, na msukumo wa kupumua nao hulegea. Mgonjwa huanza kulalamika kichwa, mikono yake hupata joto na kutikisika anapoinyosha, kisha husinzia. Walio karibu hushukuru kwamba hatimaye amepata usingizi, kumbe anazama.

Jaribio lililofanywa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, na kuchapishwa mwaka 2010, liliwahusisha wagonjwa 405 waliohudumiwa ndani ya magari ya wagonjwa. Kati ya waliopewa oksijeni nyingi kama ilivyozoeleka walifariki asilimia 9, na kati ya wale ambao oksijeni yao ilirekebishwa ili kiwango chake katika damu kibaki kati ya asilimia 88 na 92 walifariki asilimia 4. Tofauti hiyo ilipatikana bila dawa mpya wala mashine ya gharama, ila kwa kugeuza kitasa cha mtungi na kutazama namba. Kwa kawaida huanzwa na lita 1 au 2 kwa dakika kwa mirija ya puani, au barakoa maalumu inayotoa oksijeni ya asilimia 24 au 28, kisha hupandishwa au kushushwa kwa kufuata namba. Hofu ya oksijeni nayo isizidi mpaka: mgonjwa aliye chini ya 88 anaihitaji na apewe bila kuchelewa, kwa kuwa ukosefu wa oksijeni huua haraka kuliko kabonidioksaidi.

Namba hiyo husomwa na oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kupitisha mwanga katika ngozi, nacho kina kasoro ambayo kila hospitali ya Afrika inapaswa kuijua. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba, pale oksimita iliposoma kati ya asilimia 92 na 96, kipimo halisi cha damu ya ateri kilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Kifaa, kwa maneno mengine, humpendelea mwenye ngozi nyeupe kwa usahihi wake, na namba nzuri kidoleni mwa mzee mweusi anayepumua mara 34 kwa dakika haipaswi kumtuliza mtu. Tena oksimita haioni kabonidioksaidi hata kidogo. Hiyo hupimwa kwa damu ya ateri, na pasipo na kipimo hicho macho ya muuguzi hubaki kuwa ndiyo kipimo.

Sambamba na hayo njia za hewa hufunguliwa. Salbutamoli, mara nyingi pamoja na ipratropiamu, hulegeza misuli inayobana mirija, na kuvuta dawa hiyo kupitia inhela iliyounganishwa na chombo cha kati, ambamo dawa huelea kabla ya kuvutwa, hufanya kazi nzuri kama mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke kwa wagonjwa wengi. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999, kwa watoto wenye pumu, kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri pembeni mwa inhela ilifaa sawa na chombo cha dukani, na kanuni hiyo humsaidia pia mzee ambaye vidole vyake havina nguvu wala wepesi wa kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Panapotumika mashine ya mvuke, ni bora isukumwe kwa hewa ya kawaida badala ya oksijeni, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Prednisoloni, ambayo ni steroidi ya kushusha uvimbe, hutolewa miligramu 40 kwa siku tano. Jaribio la Uswisi la mwaka 2013 kwa wagonjwa 314 lilionyesha kwamba siku tano hazikuwa dhaifu kuliko siku 14 katika kuzuia kuzidiwa tena. Sukari ya mwenye kisukari hupanda kwa dawa hii na lazima ipimwe kila siku.

Mgonjwa ambaye kabonidioksaidi imepanda na damu yake imegeuka kuwa na asidi, licha ya dawa na oksijeni ya kipimo, husaidiwa na mashine inayosukuma hewa kwa barakoa iliyofungwa usoni bila kuingiza mrija kooni. Katika ugonjwa huu ni moja ya tiba chache zenye ushahidi thabiti wa kupunguza vifo, na uhaba wake katika hospitali za wilaya ni pengo linalostahili kuzibwa mapema kuliko mengi yanayotengewa fedha.

Uuguzi wa kila saa hubeba sehemu yake. Mzee aketishwe, mgongo ukiegemezwa na mikono juu ya meza au mto. Alishwe kidogo kidogo akiwa amekaa, kwa kuwa anayetweta humeza vibaya na chakula huingia mapafuni. Apewe maji, asafishwe kinywa, na asimamishwe mapema kadiri anavyoweza, kwani siku chache za kulala tu humaliza misuli ya miguu na kugandisha damu. Dawa za usingizi na za kunyamazisha kikohozi hazimfai, hata anapoziomba, kwa sababu kikohozi ndicho kinachomtoa usaha.

Nafuu huja kwa siku saba hadi kumi kwa wengi, lakini wapo ambao baada ya wiki nane bado hawajarejea walipokuwa. Aliyepata nimonia arudie eksirei baada ya wiki sita hivi, hasa kama amewahi kuvuta sigara, kwani kivuli kisichoondoka huweza kuwa saratani au kifua kikuu. Dawa zake za kudumu zikaguliwe pia: katika utafiti mkubwa wa miaka mitatu uliochapishwa mwaka 2007, nimonia iliwapata asilimia 19.6 ya waliovuta steroidi pamoja na dawa ya kufungua mirija, na asilimia 12.3 ya waliovuta dawa bandia, hivyo inhela yenye steroidi ibaki kwa wale inaowapunguzia vipindi vya kuzidiwa. Chanjo za mafua na za nimonia humkinga mzee, na hata chanjo za wajukuu humfikia: Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Streptococcus pneumoniae mwaka 2011, na watafiti wa Kilifi waliona magonjwa makali ya aina zilizomo katika chanjo yakipungua pia kwa watu wazima wasiochanjwa. Jiko likihamishiwa nje au chini ya paa lililo wazi, na sigara ikaachwa, mapafu hayarudi upya, lakini mwendo wa kuharibika kwake hupungua.

Linabaki suala ambalo familia nyingi huliahirisha mpaka usiku wa dharura, nalo ni kama mzee angependa kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia ikiwa barakoa itashindwa, kupelekwa hospitali ya mbali, au kutunzwa nyumbani kwa dawa za kumpunguzia dhiki. Swali hilo aulizwe yeye mwenyewe akiwa na pumzi ya kujibu, mbele ya mwenzi wake na watoto watakaosimama kitandani siku hiyo, bila kuharakishwa, na jibu lake liandikwe katika faili ambalo daktari wa zamu wa usiku atalikuta.